SHULE YA MTOTO AMBAYE HAJAZALIWA

Mazungumzo ya mjumbe wa kamati anayehusika na elimu na majengo, mbele ya wazazi, walimu na majirani, Rusizi I, Cyangugu




Siku ya kumbukumbu ni siku ya kuangalia nyuma, na wenzangu walionitangulia wamefanya hivyo vizuri. Mimi kamati imenipa kazi ya kuangalia mbele. Nimeombwa niseme juu ya majengo ya shule: tujengeje, tukarabatije, na kwa ajili ya nani. Nitasema kama fundi mwashi, maana hiyo ndiyo kazi niliyokula nayo maisha yangu yote.

1. SWALI LINALORUDI KILA KIKAO

Kila tunapozungumzia shule, mzazi mmoja husimama na kuuliza: "Sisi ni wapita njia. Wengine tunasubiri kurudi kwetu, wengine tunasubiri ndege. Kwa nini tubebe mawe kujenga nyumba ambayo hatutaiona ikizeeka?" Swali hili si la utovu wa adabu. Ni swali la mtu aliyekwisha kujenga na kuacha, pengine mara mbili au tatu. Kwa hiyo lipewe jibu la heshima.

Tazameni kambi za wenzetu. Kiziba, kule Karongi, ilifunguliwa mwaka 1996. Gihembe, kule Gicumbi, ilifunguliwa mwaka 1997, ikafungwa mwaka 2021, na watu wake wakahamishiwa Mahama. Hiyo ni miaka 24. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Gihembe ilipofunguliwa aliweza kumpeleka mtoto wake mwenyewe darasa la kwanza kabla haijafungwa. Nyabiheke ilifuata mwaka 2005, na Kigeme mwaka 2012. Hakuna kambi hata moja kati ya hizo ambayo watu wake waliambiwa siku ya kwanza kwamba watakaa muda huo wote. Turubai huvumilia misimu michache ya mvua. Elimu ya mtoto ni miaka 12. Hesabu hizo mbili hazilingani.

Na hapa petu pana sababu ya ziada. Rusizi I ni mlango. Mwaka 1994 watu walivuka hapa kuelekea Bukavu kwa makundi ambayo hayajapata kuonekana, na shule za huko zikageuka makao. Juni 2004 vita vya Bukavu vilileta maelfu upande huu wa Cyangugu. Mwaka 2025 vita vilipofika tena Bukavu na bonde la Ruzizi, njia ya kuvuka mto ilitumika tena, na waliopitia Bugarama walipokelewa Nyarushishi. Mlango wa namna hii haukosi wageni. Tukiondoka sisi, shule itabaki kwa majirani waliotupa ardhi, na kwa wale watakaovuka baada yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kujenga shule ndilo jembe letu.

2. TUHESABU KABLA YA KUWEKA JIWE

Makosa ya jengo huanza kabla ya msingi kuchimbwa. Huanza pale watu wanapouliza "tuna pesa za vyumba vingapi?" badala ya kuuliza "tuna watoto wangapi?"

Dawa yake ni rahisi. Nendeni kwenye daftari la chanjo la zahanati. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu ataingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7. Kwa hiyo idadi ya wanafunzi wa miaka ijayo imeshaandikwa, haihitaji mtabiri. Kanuni ya Rwanda ni watoto 46 kwa chumba kimoja. Wakizaliwa 138 kwa mwaka, hivyo ni vyumba 3 vya darasa la kwanza. Mwaka unaofuata watahitaji vyumba 3 vya darasa la pili, na wadogo zao watahitaji vile vya kwanza. Ongezeni na majirani, kwa maana shule ni moja.

Nchi hii yenyewe imejifunza somo hilo. Mwaka 2009 Rwanda ilianzisha elimu ya msingi ya miaka 9, na mwaka 2012 ikaiongeza iwe miaka 12. Watoto waliokuwa wakiishia darasa la sita wakaendelea, na vyumba vya sekondari havikutosha. Wananchi walibeba mawe na kufyatua matofali katika umuganda. Shule nyingi za msingi ziligawa watoto, kundi moja asubuhi na jingine alasiri, ili chumba kimoja kifanye kazi ya viwili. Mwaka 2020 ukaanza ujenzi mkubwa wa vyumba 22,505 nchi nzima, na vyoo zaidi ya 31,000, kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Dunia. Penye vilima vikali walijenga ghorofa ili kuokoa ardhi. Sisi tusingoje kubanwa ndipo tuhesabu.

3. ARDHI YETU HUTIKISIKA

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hili ni jambo la uhai.

Sisi wa Ziwa Kivu tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 3 Februari 2008, mwendo wa saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Baada ya saa chache ikatikisika tena. Bukavu, Rusizi na Nyamasheke ziliumia. Makumi ya watu walikufa, wakiwemo waliokuwa kanisani. Ilikuwa Jumapili. Fikirini ingekuwa Jumatatu saa hiyo hiyo: kila mtoto angekuwa darasani, chini ya ukuta. Tarehe 7 Agosti 2015 likaja jingine la 5.8, nalo likaja usiku wa manane, shule zikiwa tupu. Mara mbili saa imetuhurumia. Haifai kujenga kwa kutegemea huruma ya saa.

Tetemeko haliui sana lenyewe. Ukuta mbovu ndio unaoua. Nawapa mambo sita ambayo mzazi yeyote anaweza kuyakagua, hata kama hajui kusoma ramani.

(a) Msingi ukae wote kwenye ardhi ngumu. Ukichonga kilima, usiweke nusu ya jengo kwenye udongo mgumu na nusu nyingine kwenye udongo wa kujaza. Nusu hiyo itashuka na jengo litapasuka katikati.

(b) Pawe na mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha na milango, uzunguke jengo lote bila kukatika, na mwingine juu ya ukuta. Mkanda ni kama kamba inayofunga mzigo wa kuni. Bila kamba, kila kuni huanguka upande wake.

(c) Nguzo za zege ziwe kwenye kona, na nondo zake zifungwe na zile za mkanda. Dirisha lisikaribie kona.

(d) Jengo lisiwe refu kama treni. Vyumba viwili au vitatu, kisha nafasi, kisha jengo jingine.

(e) Ukuta wa pembetatu ulio mwisho wa paa ndio hutangulia kuanguka. Ufungwe na mkanda wake, au sehemu hiyo izibwe kwa mabati au mbao.

(f) Milango ifunguke kwa nje, na chumba kiwe na miwili. Watoto 46 wakikimbilia mlango mmoja unaofunguka kwa ndani, wao wenyewe huufunga.

4. MVUA, UPEPO NA RADI

Niliwahi kufanya kibarua kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Kenchi ziliwekwa juu ya ukuta na kushikwa kwa misumari tu. Nilimwambia msimamizi kwamba zinahitaji chuma kilichozamishwa kwenye mkanda wa zege. Akasema chuma hakimo kwenye bajeti. Upepo wa Septemba ulibeba paa zima hadi kwenye mihogo ya jirani. Paa jipya liligharimu mara nyingi kuliko vile vipande vya chuma.

Mvua nayo ni adui tukiiacha, na ni rafiki tukiipokea. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 24 ni mita 192 za mraba. Mvua ya milimita 20 italipa lita 3,840. Maji hayo yakianguka bila mfereji yatachimba msingi na kuteremka kwa jirani. Yakipokelewa kwenye tangi, watoto watanawa mikono na jiko la shule litapika. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji, la sivyo kilima kitalewa maji na kuusukuma.

Radi msiisahau. Machi 2018, kule Nyaruguru, radi iliua watu 16 waliokuwa kanisani. Shule iliyo juu ya kilima iwekewe chuma cha kupokea radi, na waya wake ushuke mpaka ardhini.

5. WALE AMBAO RAMANI HUWASAHAU

Msichana akikosa choo chenye mlango unaofungika, maji na mahali pa kujisitiri akiwa katika siku zake, hukosa siku kadhaa kila mwezi. Mwisho wa mwaka husemwa hana akili. Shule za Rwanda zimeanza kuwa na chumba cha msichana. Nasi tukipange tangu mwanzo, kwa sababu kukiongeza baadaye hakufanyiki. Vyoo vya wasichana viwe mbali na vya wavulana. Mtoto asiyetembea apate njia ya mteremko badala ya ngazi, na choo kimoja chenye nafasi ya kiti cha magurudumu. Gharama yake ni mifuko michache ya saruji kama ikipangwa mapema. Baadaye ni kubomoa.

Kuna na mtoto mwingine: yule aliyevuka daraja wiki iliyopita. Kwao alisoma kwa Kifaransa. Hapa, tangu uamuzi wa mwaka 2008, masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Si mjinga, ila lugha imemfungia mlango. Naomba kila mpango wa shule yetu uwe na chumba kimoja cha wageni wa lugha, akae miezi kadhaa kabla ya kujiunga na wenzake. Jirani na daraja hili chumba hicho hakitakaa tupu.

6. YALE YATAKAYOKUJA

Hatujui watoto wetu watafundishwa kwa chombo gani baada ya miaka 20. Pale Kiziba, tangu mwaka 2015, vijana wameweza kusoma masomo ya chuo kikuu kambini kwa njia ya kompyuta. Nani kati yetu angeliamini hilo kambi ilipofunguliwa?

Kwa kuwa hatujui, tujenge nyumba inayokubali kubadilishwa. Paa libebwe na nguzo na mikanda, ili ukuta kati ya vyumba viwili uweze kuondolewa siku ukumbi utakapohitajika. Mabomba ya nyaya za umeme yawekwe ukutani kabla ya plasta, hata kama umeme haujafika. Madirisha yawe pande zote mbili, maana mwanga wa jua hauna ankara. Na tuache kipande cha kiwanja kisichojengwa. Leo ni uwanja wa mpira, kesho ni mahali pa jengo litakalodaiwa na watoto ambao hawajazaliwa.

7. KUKARABATI NI KUJENGA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna kuziba na kuna kuficha. Nimeona ukuta uliopasuka ukipakwa rangi nzuri, na kibao cha mfadhili kikatundikwa juu ya ufa. Kabla ya kupaka chochote, bandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji, andika tarehe. Kioo kikivunjika baada ya miezi, ukuta bado unatembea. Tafuta sababu chini, kwenye msingi na maji. Kisipovunjika, ziba.

Na pesa zikiwa kidogo, zifuate njia hii: kwanza paa, pili mifereji, tatu kuta, nne sakafu. Rangi ni ya mwisho kabisa.

8. NINACHOOMBA

Ndugu zangu, naomba mambo matatu tu kabla hatujatawanyika leo.

Kwanza, tuanzishe daftari la majengo, lenye ukurasa kwa kila chumba: kilijengwa lini, kilikarabatiwa lini, kina ufa gani. Pili, tuchague watu sita wa kulitunza: mzazi mmoja wa kambini, jirani mwenyeji mmoja, mwalimu mmoja, fundi mmoja, mwanafunzi msichana na mwanafunzi mvulana. Mradi wowote ukija, waione ramani kabla ya wino kukauka. Tatu, kila familia itoe siku moja kwa mwezi, pamoja na majirani katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho. Mwenye jina kwenye orodha ya safari naye atoe siku yake. Ndege haitajaa mawe aliyobeba, lakini mtoto wa mwenzake atakaa chini ya paa.

Mimi ni mzee, na timazi yangu nimeshaanza kumwachia kijana. Sitegemei kuwaona watoto watakaomaliza masomo kwenye madarasa hayo. Hata hivyo nataka ardhi itakapotikisika tena, siku ya Jumatatu saa tatu na nusu, watoke wote nje, wahesabiwe, na idadi itimie.