Mgongo wa Mwanamke: Chanzo, Dalili na Tiba ya Maumivu

(Mada iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)

Nimepewa dakika ishirini. Nitajitahidi nisizizidi, maana harufu ya pilau imeshafika huku na najua hakuna mada inayoshindana na pilau.

Kwanza niliambiwa nizungumzie afya kwa jumla. Nikakataa. Nilikaa na Mweka Hazina tukapekua daftari la mfuko wa jamii, tukaona neno moja linarudi rudi: mgongo. "Mgongo na miguu." "Kiuno." "Nauli ya hospitali, mgongo." Hesabu yenyewe siitaji hapa, ni siri ya sanduku letu. Lakini fedha tulizozitoa kwa ajili ya migongo zingeweza kununua mabati ya nyumba. Ndipo nikasema, basi na tuuseme huo mgongo.

Na wala si sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba wanawake wanaumwa zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo shoga yangu unayejishika kiuno hapo nyuma, una wenzio wengi.

Sasa mgongo ni nini? Ni pingili za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, laini ndani na mgumu kwa nje, kinachopunguza mshindo. Ndani ya pingili umepita uti wenyewe, na kutoka humo zinachomoza neva zinazokwenda mikononi, miguuni, hata kwenye kibofu. Vyote hivyo vinashikiliwa na misuli na kano. Pingili tano za kiunoni ndizo zinazobeba mzigo mkubwa kuliko zote, ndiyo maana maumivu mengi huanzia hapo.

Watu wengi wakiumwa mgongo hutaka waambiwe jina la ugonjwa. Kusema kweli, kwa wagonjwa walio wengi, kama tisa katika kumi, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Misuli imekazana, kano zimevutika, mwili umechoka, usingizi haupo, na mawazo ya ada ya shule yapo. Naam, mawazo pia huzidisha maumivu. Hii si kusema kwamba mtu anajisingizia.

Kuna jambo jingine nataka mlijue kabla hamjauza mbuzi kulipia kipimo. Mwaka 1994 kule Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo. Zaidi ya nusu yao ilionekana ule mto wa katikati ya pingili umevimba nje. Na walikuwa hawaumwi! Kwa hiyo ukiambiwa "diski imetoka kidogo", usidhani maisha yamekwisha. Picha ni muhimu pale daktari anapokuwa na shaka ya jambo fulani.

Tuje kwenye kazi zetu. Mwanamke wa Maneromango au Mlandizi anaamka, anainamia ufagio wa chelewa, anainamia vyombo, anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, anakwenda shamba la mihogo na jembe la mpini mfupi, anarudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Jioni anainamia jiko la mkaa. Mpigieni hesabu ni saa ngapi huyu mtu amesimama wima.

Kuhusu kubeba kichwani, yako maneno mengi. Mwaka 1986 walitoa utafiti uliofanywa kwa akina mama wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwani. Walionekana kwamba wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Tulipewa kipaji, tusikatae. Lakini fanyeni hesabu: mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo yetu ya lita 20 ni kilo 20 za maji, ndoo yenyewe bado. Na utafiti ule ulipima nguvu, haukupima shingo wala kiuno baada ya miaka thelathini ya kufanya hivyo kila siku. Pale Kisarawe mjini mradi wa maji uliozinduliwa 2020 umewapunguzia baadhi yetu safari hizo. Walio vijijini mbali na bomba bado wanajua ninachosema. Ushauri wangu kwao: madumu mawili ya lita kumi kumi, safari mbili, au baiskeli ya kijana. Kubali kuitwa mvivu.

Ukiinua kitu, kilete karibu na tumbo kwanza, chuchumaa kidogo, na usijipinde ukiwa nacho mkononi. Sikudanganyi kwamba hilo peke yake linazuia maumivu, ila linapunguza kazi ya kiuno.

Wajawazito nao wanaumwa kwa sababu homoni za mimba zinalegeza kano za nyonga, na tumbo linauvuta mgongo mbele. Wengi hupona baada ya kujifungua. Na wale wanaosema ni chango, nawaheshimu bibi zetu, lakini chango limekuwa kapu la kutilia kila kitu. Siku hizi kapu jipya ni UTI. Kila anayeumwa kiuno ana "yutiai", anakunywa dawa za bakteria bila kupima mkojo. Uti wa mgongo na UTI ya mkojo havina undugu, ni majina tu yamefanana. Ni kweli maambukizo yakipanda kwenye figo huleta maumivu ya ubavuni, ila hayo huja na homa, kutetemeka na mara nyingi mkojo unaochoma. Pima kwanza.

Ndugu zangu, hapa sasa naomba mnisikilize vizuri. Mwenzetu mmoja wa upande wa Kisarawe ameniruhusu niliseme jambo lake, mradi nisimtaje jina. Alianza kuumwa mgongo wa kati, si kiuno. Alikuwa akikaa karibu nami kwenye vikao. Akaniuliza mimi, muuguzi wa miaka mingi. Nikamwambia, "Ni jembe hilo, mwenzangu, pumzika." Mwezi wa pili akauliza tena. Nikampa vidonge nilivyokuwa navyo kwenye mkoba. Akachoma sindano kwenye duka moja la dawa, akapata nafuu siku mbili, akarudi shamba. Gauni lilikuwa linampwaya na tukamsifu kwamba amepungua vizuri! Usiku alikuwa akilowa jasho, hakusema, alidhani ni umri. Mwezi wa tano miguu ikaanza kumlegea. Siku hiyo nilipompapasa mgongo, nikakuta pingili moja imechomoza kama kifundo. Nikajua, na nikaona aibu ambayo mpaka leo ninayo.

Ilikuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Ndiyo, TB hukaa hata kwenye pingili. Hakuwa akikohoa, na makohozi yake hayakuonyesha kitu, kwa sababu wadudu hawakuwa kifuani. Dawa za TB nchini kwetu hutolewa bure, ila za mifupa humezwa kwa muda mrefu zaidi ya zile za mapafu. Alizimeza zote. Leo amekuja kwa miguu yake. Laiti ningemsikiliza mwezi wa kwanza, asingefikia kubebwa.

Basi mwenye maumivu yanayomwamsha usiku na hayatulii hata akilala, anayekonda bila sababu, mwenye homa au jasho la usiku, mwenye virusi vya UKIMWI, aliyewahi kuugua TB au saratani, aliyeanguka, au mama mwenye umri mkubwa aliyeumia ghafla kwa kujikwaa kidogo tu, huyo asisubiri. Wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa na wafugaji wajue kuna homa ya wanyama inayoitwa bruselosi, nayo huleta mgongo na homa zisizoisha. Aidha, saratani ya mlango wa kizazi ikishakomaa huweza kuleta maumivu ya kiuno, na mara nyingi kuna kutokwa damu isiyo ya mwezi au uchafu wenye harufu. Hiyo ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, na uchunguzi wake ni wa dakika chache. Usingoje mgongo ukuambie.

Na ukipata ganzi sehemu unayokalia, au mkojo unazuia au unatoka wenyewe, au miguu yote inakosa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usilale nayo. Kodi bodaboda, kodi gari, nenda Tumbi, na wao wakiona haja watakupeleka Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili.

Tiba ya yale maumivu ya kawaida ni rahisi mpaka watu hawaiamini. Tulizoea kumwambia mgonjwa alale kitandani. Mwaka 1995 huko Helsinki, Ufini, waliwagawa wafanyakazi wa jiji wenye maumivu mapya: wengine walale siku mbili, wengine wafanye mazoezi maalumu, wengine waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Waliopona haraka ni hao wa mwisho, waliolala walichelewa. Kwa hiyo tembea, hata kama ni kuzunguka nyumba. Kandwa kwa kitambaa cha maji ya moto. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita. Yakipita miezi mitatu, mtafute mtaalamu wa tiba ya viungo akufundishe mazoezi. Mikanda ya kiunoni inayouzwa stendi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri isitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu. Fedha hiyo nunua hisa.

Dawa za maumivu kama diklofenaki zinasaidia kwa siku chache. Lakini zinachoma tumbo, zinaharibu figo, zinapandisha presha, na mjamzito asizimeze bila kuambiwa na mhudumu wa afya. Na vile vidonge vya rangi rangi vinavyofungwa kwenye karatasi bila jina, "vya mgongo na miguu", sitaki hata kuvisikia.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa mkutano. Mwenzetu yule alichelewa pia kwa sababu alikuwa na mkopo na aliogopa kuomba mwingine. Napendekeza nauli ya uchunguzi wa kwanza itoke mfuko wa jamii bila kurejeshwa. Naomba lijadiliwe kikao kijacho, liandikwe.

MASWALI

Mama mmoja wa Mkuza aliuliza kama ni lazima kulala sakafuni. Jibu: Hapana. Godoro lisilobonyea katikati linatosha, na ukilalia ubavu weka mto katikati ya magoti.

Mwanachama wa Masaki aliuliza kama yule mwenzetu ataweza kulima tena. Kabla sijajibu, mwenyewe alisimama mstari wa pili, akasema: "Mimi ndiye. Nalima, ila kwa mafungu. Jembe nimelitia mpini mrefu, na fimbo naishika siku za matope tu."