Posta Haitashindana na Yeyote kwa Wafanyakazi Wasiolipwa

Msikilizaji, kila mjadala wa Posta ya Kenya ukianza, neno linalotangulia ni ushindani. Posta ijitegemee. Posta ikabiliane na kampuni za vifurushi. Posta iingie biashara ya mtandaoni. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni kwamba yanamruka karani wa kaunta, ambaye katika miaka ya karibuni amekaa miezi bila mshahara na bado akafungua ofisi asubuhi.

Tukumbuke tulikotoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilibaki na shirika moja la posta na simu, KPTC. Barua hazikuwa na faida kubwa, simu zilikuwa nayo, na pesa za simu zikawa zinazibeba ofisi za posta za mashinani. Mwaka 1999 shirika likagawanywa. Simu zikaenda Telkom. Posta ikaachiwa barua, majengo, na wajibu wa kuhudumia nchi nzima. Safaricom, iliyoanza kama idara ndani ya KPTC, ilizindua M-Pesa mwaka 2007, na mani oda iliyokuwa ikipeleka karo na pesa za matumizi nyumbani ikakosa wateja. Maamuzi hayo yalifanywa na wakubwa. Mzigo wake umemwangukia mfanyakazi.

Hebu ingia ofisi ya posta ya mji mdogo. Utamkuta karani mmoja, pengine wawili. Huyo huyo anafungua gunia la barua, anagonga muhuri, anazipanga kwenye masanduku, anauza stempu, anapima kifurushi cha haraka cha EMS, kisha anamtafutia mzee barua yake ya rejista. Sasa vuka barabara hadi stendi. Mtu anaacha kifurushi kwenye ofisi ya basi, analipa, anapewa risiti, na mwenzake aliye mji mwingine anapigiwa simu akichukue jioni. Gari la Posta likikosa mafuta, kifurushi chako kinalala, na wiki ijayo utatuma kwa basi. Pesa za mafuta na za mshahara hutoka mfuko mmoja. Ukikauka, mteja na mfanyakazi wote wanaumia.

Na mshahara ukikwama, haukwami peke yake. Makato ya SACCO yasipowasilishwa, mfanyakazi hapati mkopo. Michango ya bima ya afya isipofika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anaweza kufika hospitalini na mtoto mgonjwa akaambiwa alipe mwenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe mshahara unapoiva, na alichokata akipeleke kinakotakiwa. Sheria hiyo haikuyasamehe mashirika ya serikali. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mfanyakazi wa Posta amecheza kwao miaka mingi, na anastahili kutunzwa.

Wapo wanaosema tuifunge, kwa kuwa hata posta ya Denmark imeacha barua. Ni kweli. PostNord, kampuni ya umma ya Denmark na Sweden, ilisambaza barua zake za mwisho Denmark mwishoni mwa Desemba 2025, na kupunguza nafasi 1,500 za kazi. Lakini huko karibu kila mtu mzima hupokea barua za serikali kupitia mtandao. Hapa kwetu kuna maeneo ya Turkana na Wajir ambako hata mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na hakuna kampuni binafsi itakayofungua ofisi huko kwa hasara. Stempu ya barua ya kawaida ina bei moja, uwe unaandika kwa jirani wa Nairobi au kwa ndugu aliye Lodwar. Hiyo ni huduma ya umma, na huduma ya umma ina gharama.

Basi gharama hiyo ilipwe waziwazi. Tunao Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni zenye leseni. Umejenga minara ya simu na kuunganisha shule kwenye intaneti. Sehemu yake iende kwenye ofisi za posta za mashinani. Vituo vingi vya Huduma vya serikali vimo ndani ya majengo ya Posta: kodi ilipwe kwa wakati kama mpangaji mwingine yeyote. Na ikibidi kupunguza wafanyakazi, chama chao, COWU, kikae mezani tangu mwanzo, na asiondoke mtu akiidai Posta hata shilingi moja.

Baada ya hapo, Posta ipimwe kama wenzake: kifurushi kimefika lini, kimefika kizima, mteja amejibiwa vipi. Hapo menejimenti haitakuwa na kisingizio, na mimi nitakuwa wa kwanza kuiuliza.

Waheshimiwa wabunge, bajeti ya Posta itakapofika mbele yenu, msianze na swali la faida. Anzeni kwa kuiuliza Hazina Kuu malimbikizo ya mishahara yatalipwa tarehe gani, na msiipitishe bajeti hiyo mpaka mpewe tarehe kwa maandishi.