Mabaharia ni Ndugu Zetu wa Kazi
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kitale na Bungoma



Leo twataka kusema habari za Misheni ya Mabaharia. Huenda wengine wakauliza: sisi watu wa bara, tulio mbali na maji ya chumvi, mabaharia watuhusu nini? Watuhusu sana. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, ilifungua njia ya mazao kwenda Kilindini. Njia ipitayo Bungoma kwenda Malaba na Uganda huchukua mizigo iliyoshushwa melini. Hata mbolea itiwayo katika mahindi ya Trans Nzoia imevuka bahari. Reli inapoishia ndipo meli inapoanzia. Asipokuwako baharia, mabehewa yetu yatabaki matupu.

Misheni hii ilianza hivi. Katika miaka ya 1830 kasisi mmoja Mwingereza, John Ashley, aliona meli nyingi zimetia nanga katika Mlango wa Bristol zikingoja upepo, na waliomo hawana mtu wa kuwazuru. Akaanza kuwaendea kwa mashua. Mwaka 1856 kazi za namna hiyo zikaunganishwa kuwa chama kimoja cha Kanisa la Anglikana. Alama yake ni malaika arukaye, yule wa Ufunuo mlango wa 14. Wakatoliki nao wana chama chao, Stella Maris, kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1920. Misheni ya Waanglikana ina kituo chake Mombasa.

Kazi yao si mahubiri tu. Kasisi hupanda melini, huuliza hali, huwapatia mabaharia njia ya kusema na jamaa zao, huwachukua mjini kwa gari, na huwatazama wagonjwa hospitalini. Haulizi kwanza mtu ni wa dini gani. Mara nyingi ndiye mtu wa kwanza wa nchi kavu ambaye baharia aweza kumweleza shida yake pasipo kuogopa nahodha.

Na shida hizo ni za kweli.  Juni 2005 meli Semlow ilitoka Mombasa na tani 850 za mchele wa msaada kwa watu wa Somalia. Maharamia waliikamata, na mabaharia, Wakenya wengi miongoni mwao, wakashikwa zaidi ya miezi mitatu. Tena mwaka 2020, wakati wa korona, mabaharia wapatao 400,000 duniani walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, kwa kuwa bandari zilifungwa.

Lakini ndugu, yatupasa kujua mpaka wa sadaka. Blanketi si mshahara. Mwenye meli akiwatupa watu wake bandarini bila chakula, kasisi ataleta unga, naye atafanya vema. Lakini deni la mshahara bado liko palepale. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa Kazi za Baharini mwaka 2006, na Kenya ikaukubali mwaka 2014. Tangu Januari 2017 mkataba huo wataka kila meli iliyo chini yake iwe na bima. Baharia asipolipwa miezi miwili huhesabiwa ametupwa, na bima yapasa kulipa hata miezi minne ya mshahara, pamoja na chakula na nauli ya kurudi kwao. Haki hiyo ilipiganiwa na vyama. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, lililoundwa London mwaka 1896, lina mabaharia na watu wa reli ndani ya nyumba moja.

Sasa twaja kwetu. Vijana wa Kimilili na Kiminini nao wanatafuta kazi ya meli, na wazazi huuza ng'ombe ili kumlipa wakala. Sikieni vizuri: mkataba huo wakataza wakala kumtoza baharia fedha za kumpatia kazi. Baharia hulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Karo ya mafunzo ni jambo jingine, lakini kazi yenyewe haiuzwi. Kabla ya kumfungua ng'ombe zizini, mzazi na aulize KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya meli, kama wakala huyo ana leseni.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu. Kwanza, habari hii ya mawakala isomwe makanisani, misikitini na sokoni. Pili, akina mama na akina baba wajuao kufuma wafume kofia za sufu, zipelekwe Mombasa kwa mabaharia watokao nchi za joto kwenda za baridi. Tatu, chama kisikose kuinua sauti kila mabaharia wanapotupwa Kilindini, kwa maana leo ni wao, kesho ni sisi.

Watu wa kisiwa cha Malta walimwashia Paulo moto baada ya merikebu kuvunjika. Na sisi tuwashe moto, kisha tudai na mshahara.