Hotuba ya Mgeni Rasmi: Kufungua Mafunzo ya Walimu na Wahudumu wa Afya wa Vijiji, Koboko



Ulemavu wa akili si wendawazimu, wala si laana ya ukoo. Ni akili kukua polepole tangu utotoni, mtoto akachelewa kusema, kujifunza na kujitegemea. Una ngazi nne: mdogo, wa wastani, mkubwa na mkubwa sana. Walio wengi wako ngazi ya kwanza. Wanalima, wanachunga, wanauza sokoni, ila darasani wanaitwa wavivu na kuchapwa. Walimu wangu, fimbo haijawahi kumwongezea mtu akili.

Vyanzo ni vingi. Wenye sindromu ya Down huzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuwa mama alicheleweshwa kufika kituoni. Wengine walipatwa na malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Na mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto huumia. Chumvi yenye madini hayo ni kinga ya bei nafuu.

Lakini nililokuja kulisema hasa ni hili: mara nyingi kinachomlemea mtoto ni ugonjwa ulioandamana na ulemavu wake, nao unatibika. Mkimwona ana kovu la moto mkononi, msikimbilie kusema mama ni mzembe. Ulizeni kama huanguka kifafa, maana wengi huangukia mafigani. Huku West Nile tunamjua usubi, nzi wa mito iendayo kasi, na palipoenea ugonjwa anaouleta, yaani upofu wa mtoni, kifafa nacho huwa kingi. Mwenye Down apimwe moyo, tezi ya shingo na masikio. Anayeonekana haelewi huenda hasikii tu.

Ulemavu wenyewe hauna dawa, ila kifafa kinayo, na haipaswi kukatizwa bila ushauri wa daktari. Sheria ya Uganda ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kuwabagua shuleni na hospitalini. Basi mkirudi vijijini, kila mtoto aliyefichwa ndani afikishwe kituo cha afya, na ikibidi, Hospitali ya Rufaa ya Arua.

Kwa hayo machache, natamka kuwa mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.