Krediti Zilizokwisha Kulipiwa Zisiachwe Stesheni



Afisa ugani mwenye stashahada anapoondoka katika kata yake mkoani Katavi kwenda kusomea shahada, wakulima wa kata hiyo humkosa kwa miaka 3. Yafaa iulizwe ni kiasi gani cha miaka hiyo anakitumia kujifunza mambo mapya, na ni kiasi gani kinakwenda katika kurudia aliyokwisha kufaulu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Kijana aliyetoka kidato cha 4 akasoma astashahada mwaka 1, kisha stashahada miaka 2, amekwisha kujikusanyia krediti 360. Shahada ya kwanza ya miaka 3 nayo hudai krediti 360. Chuo kikuu humpokea akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi, lakini kwa kawaida humweka mwaka wa kwanza, bega kwa bega na aliyetoka kidato cha 6. Stashahada imemfungulia mlango. Haikumpunguzia hata somo moja. Anahitimu akiwa na krediti 720 na shahada moja.

Hakuna anayedai kwamba krediti za stashahada na za shahada zina uzito ule ule. Chuo kikuu kina haki ya kulinda kiwango chake. Lakini takwimu za mwanzo, stadi za mawasiliano na misingi ya elimu ya udongo hufundishwa pande zote mbili. (Na somo la kuwasha kompyuta, kwa hakika, halina ngazi mbili.) Tatizo ni kwamba nyumba hizi mbili zina wasimamizi wawili: vyuo vya kati viliundiwa baraza lao kwa sheria ya mwaka 1997, ambalo sasa ni NACTVET, na vyuo vikuu viko chini ya Tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitambua kwamba mtu aliyekwisha kufanya kazi haji chuoni mikono mitupu. Fikra hiyo bado ina maana kwa Katavi. Mikopo ya serikali kwa stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 tu, tena kwa fani za kipaumbele; kabla ya hapo, krediti nyingi za vijana wa Mpanda zililipiwa kwa magunia ya mahindi na mpunga.

Hapana budi kila idara ya chuo kikuu ipitie mitaala ya stashahada somo kwa somo, na itangaze mapema ni lipi linahesabiwa na ni lipi halihesabiwi, na kwa sababu gani. Walimu nao wawahimize wanafunzi kutunza maelezo ya masomo yao, si cheti peke yake. Jibu hilo mwombaji alipate kabla hajakata tiketi ya treni ya kwenda Tabora.