Timu Hupimwa kwa Mkimbiaji Wake wa Tano



Miongoni mwa michezo inayoshindaniwa na vyuo vikuu vya Marekani, mbio za nyika ni mchezo wa kimasikini. Hauna uwanja wenye majukwaa, hauna taa, wala hauuzi tiketi za kumtajirisha mtu. Vijana hukusanyika asubuhi ya baridi kando ya shamba au uwanja wa gofu, mlio wa bastola husikika, nao hutokomea vilimani kwa kilometa kumi. Wachache wanaokuja kutazama huona mwanzo na mwisho tu. Hata hivyo, ndani ya mchezo huo imo kanuni moja ambayo kila aliyekalia kiti cha uongozi, awe mkuu wa idara, meneja wa shirika au mwalimu mkuu wa shule, ingemfaa aijue kama anavyolijua jina lake.

Kanuni yenyewe ni hii. Kila chuo huleta wakimbiaji saba. Nafasi walizoshika watano wa kwanza wa chuo hicho hujumlishwa, na chuo chenye jumla ndogo kuliko vyote ndicho kinachotwaa ubingwa. Aliyemaliza wa kwanza huleta pointi moja, wa ishirini huleta ishirini, na wa mia huleta mia.

Chukueni mfano wa vyuo viwili. Cha kwanza kina mabingwa wanne wanaomaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, huku vigelegele vikirindima. Mwenzao wa tano, ambaye mwaka mzima hakuna aliyemjali, anamaliza wa sitini. Jumla yao ni pointi 70. Chuo cha pili hakina hata mtu mmoja katika tisa wa kwanza. Vijana wake wanaingia wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kumi na tatu na wa kumi na nne. Jumla yao ni pointi 60, na kombe ni lao. Mabingwa wanne wameshindwa na watu watano wa kawaida, kwa sababu ya mtu mmoja aliyesahauliwa.

Wa sita na wa saba je? Hao pointi zao hazihesabiwi. Lakini kila mmoja wao anayempita mkimbiaji wa tano wa chuo pinzani humsukuma mpinzani huyo nafasi moja nyuma, na hivyo humwongezea pointi asizozitaka. Jina lake halitasomwa katika hesabu, lakini kazi yake imo ndani ya hesabu.

Haya si mambo ya kubuni. Katika miaka ya 1970 alikuwako Marekani kijana wa Kikenya, Henry Rono, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mwaka 1978, katika muda wa siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Ni vigumu kumtaja mkimbiaji mwingine aliyefanya jambo kama hilo. Rono alishinda mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani mara tatu, mwaka 1976, 1977 na 1979. Hata hivyo, mwaka 1976 na mwaka 1979 mtu wa kwanza alikuwa Rono, lakini kombe la timu lilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole cha dhahabu.

El Paso ni mji wa jangwani, mpakani mwa Marekani na Mexico. Chuo chake hakikuwa miongoni mwa vyuo vya kitajiri vinavyotajwa kila siku. Lakini kati ya mwaka 1975 na 1981, chini ya mwalimu wa timu Ted Banks, chuo hicho kilitwaa ubingwa wa mbio za nyika mara sita katika miaka saba. Vijana wengi wa timu hiyo walitoka Afrika. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, Suleiman Nyambui, ambaye mwaka 1980 alishinda mbio hizo yeye mwenyewe na kombe la timu likaenda El Paso pia. Watanzania wengine, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie, nao walipita katika chuo hicho, na mwaka 1982 huko Brisbane wakashika nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 10,000 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1981 timu ya El Paso ilipata jumla ya pointi 17. Jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 15, yaani watu watano wa chuo kimoja kushika nafasi tano za mwanzo. El Paso walikosa ukamilifu kwa pointi mbili tu. Jambo hilo halikuletwa na bingwa mmoja. Lililetwa na mwalimu aliyehakikisha kwamba hata mtu wake wa tano ni mtu wa maana.

Lakini mtu wa tano hupatikana wapi? Jibu la swali hilo nalo liko katika chuo hicho hicho, na ni la miaka ya nyuma zaidi. Zamani chuo kiliitwa Texas Western. Usiku wa tarehe 19 Machi, 1966, timu yake ya mpira wa kikapu iliingia fainali ya vyuo vyote dhidi ya Chuo Kikuu cha Kentucky, timu yenye sifa kubwa na yenye wachezaji weupe watupu. Zilikuwa siku ambazo vyuo vingi vya kusini mwa Marekani havikumpokea mchezaji mweusi hata mmoja. Kocha wa Texas Western, Don Haskins, aliwaanzisha wachezaji watano weusi, jambo ambalo halijapata kutokea katika fainali hiyo, na wote saba aliowatumia usiku ule walikuwa weusi. Texas Western walishinda kwa pointi 72 dhidi ya 65. Kentucky haikumsajili mchezaji mweusi mpaka mwaka 1969.

Watu husimulia kisa hicho kama kisa cha ushujaa, na ni kweli. Kwa mtu wa kazi, hata hivyo, ni kisa cha hesabu pia. Chuo kilichofunga mlango kwa sababu ya rangi kilijinyima watu wake wa tano, wa sita na wa saba, kisha kikashangaa kushindwa. Ofisi inayoajiri kwa kujuana, kwa kabila au kwa undugu hufanya kosa lile lile. Inaweza kumpata bingwa mmoja kwa bahati, lakini timu haiwezi kuipata, kwa maana imechota maji katika kisima kimoja na kukiacha kijiji kizima chenye visima.

Isidhaniwe, ndugu walimu, kwamba kila kitu cha michezo ya vyuo vya Marekani ni cha kuigwa. La hasha. Chama kinachosimamia michezo hiyo, kijulikanacho kwa kifupi kama NCAA, kilianzishwa mwaka 1906. Kwa zaidi ya miaka mia moja kilishikilia kwamba kwa mwanafunzi mshahara ni mwiko. Wakati huo huo viwanja vilijaa na televisheni zikalipa mamilioni. Ikafika mahali ambapo katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji, bali ni kocha wa chuo. Aliyepanda, aliyepalilia na aliyevuna aliambiwa kwamba heshima inamtosha.

Mambo kama hayo hayadumu. Juni 2021, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua dhidi ya chama hicho katika shauri lililohusu kuwawekea wanafunzi mipaka ya manufaa ya kielimu. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo wanafunzi wakaruhusiwa kupata kipato kutokana na majina na sura zao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yaliyowezesha vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha dola milioni 20.5 hivi kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Chama hakikufika hapo kwa hiari. Kilisukumwa na mashauri, moja baada ya jingine, mpaka kikachoka. Funzo lake liko wazi: kiongozi asiyegawa kwa haki wakati anapoweza, atagawa kwa amri wakati hana tena sauti. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, tena mpeni mapema.

Sasa kanuni hii na irudishwe nyumbani, ndani ya ofisi. Mwananchi anayetoka kijijini kufuatilia hati ya kiwanja hakutani kwanza na mkurugenzi. Anakutana na mlinzi getini, kisha mhudumu wa mapokezi, kisha karani wa masjala ambaye ndiye ajuaye jalada liko wapi. Mkurugenzi anaweza kuwa na shahada tatu na kuzungumza kwa ufasaha katika kila kikao. Lakini jalada likipotea masjala, shahada zote tatu hazitalitoa lilikojificha, na yule mwananchi atarudi kijijini akisema kwamba ofisi ile haifai. Kwake yeye, mtu wa tano ndiye ofisi. Ni mara ngapi, basi, karani wa masjala amepelekwa mafunzoni? Ni mara ngapi dereva ameulizwa maoni yake juu ya safari ambayo yeye ndiye atakayeendesha? Semina huwaendea wale wale wa kwanza na wa pili, na posho zake vilevile, halafu mwisho wa mwaka watu huulizana kwa nini kazi imelala.

Shuleni hali ni hiyo hiyo. Kwa miaka mingi shule zilijivunia mwanafunzi mmoja aliyeng'ara, picha yake ikapachikwa ukutani, hali nusu ya darasa haikuambulia kitu. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora katika matokeo ya kidato cha nne. Wako walioumizwa na uamuzi huo na wako walioufurahia. Lakini kwa mwalimu, swali lililobaki ni lile la mbio za nyika: yule mtoto wa tano kutoka mwisho, anayeketi karibu na dirisha na kutoulizwa swali muhula mzima, amesogea nafasi ngapi tangu aingie darasani? Bingwa wa darasa angeweza kufaulu hata mwalimu akiwa likizo. Kazi ya mwalimu huonekana kwa yule mwingine.

Taifa nalo halina budi kujitazama katika kioo hicho. Mwaka 1980 huko Moscow, Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Yalikuwa matunda ya kujivunia. Lakini mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024 kumalizika, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata. Mashujaa hawakukosekana: Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo, na nchi nzima ikashangilia, kwa haki kabisa. Kinachotakiwa kuulizwa baada ya shangwe ni nani walio wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano nyuma yake, wanakimbilia wapi, wanakula nini, na mwalimu wao ni nani. Taifa linalosubiri shujaa huzaliwa shujaa mara moja moja. Taifa linalomlea mtu wa tano huwa na mashujaa kila msimu.

Ndugu watumishi na walimu, kumlea mtu wa tano ni kazi isiyo na picha gazetini. Ni kubaki na karani nusu saa baada ya kazi ili aelewe mfumo mpya wa kutunza majalada. Ni kumrudia mtoto hesabu ile ile kwa mara ya nne bila kumdhihaki. Ni kugawa safari na posho kwa zamu, na kumtaja mhudumu kwa jina lake katika kikao cha mwisho wa mwaka. Hakuna linalohitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Linalohitajika ni kiongozi aliye tayari kusimama kwenye mstari wa kumalizia baada ya bingwa kupita na watazamaji kuanza kuondoka. Hapo abaki, atazame vilimani, na ahesabu: wa pili, wa tatu, wa nne. Asiondoke mpaka amwone wa tano.