UTACHAGUAJE KAZI USIYOIJUA?

(Maneno ya Kamati ya Elimu ya Chama chetu, yaliyosemwa shule ya sekondari mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa ziwani siku ile, na kwa wale waliokaa nyuma wasisikie kitu kwa sababu ya mvua juu ya bati.)



 

Hatukuja kuhubiri. Shule hii inaye mwalimu wa malezi na ushauri, na ni mtu mwema, lakini mwalimu huyo huyo anafundisha Hisabati madarasa manne, na funguo za stoo anazo yeye. Mkuu wa Shule akatuambia, ninyi chama mna watu wanaofanya kazi mbalimbali, njoni mseme na watoto. Basi tumekuja.

Majuma mawili yaliyopita tuliomba kila mwanafunzi aandike kwenye kipande cha karatasi kazi anayotaka kuifanya akimaliza shule. Karatasi tunazo hapa. Daktari, rubani, mwanasheria, askari, mwalimu, nesi. Daktari tena, rubani tena. Yuko aliyeandika "bosi". Si vibaya, mabosi nao wanahitajika, ila hakusema bosi wa nini. Katika karatasi zote hizi, za watoto waliokua wakinusa dagaa, hamna hata mmoja aliyeandika fundi wa injini za boti. Hamna mkaguzi wa samaki. Hamna nahodha. Hamna mhasibu wa ushirika. Ndege inayopita juu kwenda uwanja wa Mwanza wanaiona, lakini injini ya pale mwaloni inayozimika kila juma na kusubiri fundi kutoka mjini hawaioni.

Hatuwacheki. Mtu huchagua katika vile alivyoviona, na mtoto wa hapa amemwona mwalimu, nesi wa zahanati na askari. Daktari na rubani amewasikia. Sasa umletee fomu umwambie chagua, atachagua nini?

Wazee mnakumbuka enzi zile mambo hayakuwa hivi. Waliomaliza sekondari walikuwa wachache na Serikali ndiyo iliyowapangia kazi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na baadaye sekondari zikawa na michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana hapo ng'ambo, Musoma, ikaamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu, kwanza akafanye kazi. Masharti hayo yalilegezwa na mwisho yakaachwa, na wapo waliofurahi. Lakini jambo moja lilikuwamo ndani yake: kijana aliiona kazi kabla ya kuisomea. Leo hakuna anayempangia. Uchaguzi ni wake, na huo ni uhuru mzuri, ila tumempa uhuru wa kuchagua gizani.

Na vya kuchagua vimeongezeka. Hadi miaka ya karibuni kombi za kidato cha tano zilikuwa 16. Machi 2024 Serikali ilitangaza kuwa zitakuwa 65. Elimu yenyewe sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Tumewauliza wazazi kadhaa mkondo wa amali ni nini. Mmoja akajibu ni wa walioshindwa. Hapana, mzee wetu! Ni mkondo ambamo mtoto anajifunza ufundi pamoja na masomo, na njia ya kwenda mbele inabaki wazi.

Sasa tuseme juu ya lile lililotuleta, nalo ni karatasi ya kuchagua masomo. Wanafunzi wengi hudhani kazi huchaguliwa mwisho, baada ya matokeo. Si kweli. Huchaguliwa siku ile unapoacha Fizikia na Kemia kwa sababu mwenzako wa dawati ameziacha. Tumehesabu karatasi za walioandika "nesi", ni nyingi, na wengi wao ni wasichana. Tukamwomba mwalimu atuonyeshe masomo wanayosoma. Baadhi yao hawana Fizikia, wengine hawana Kemia. Sikilizeni vizuri: vyuo vya uuguzi na vya utabibu, kwa ngazi ya stashahada, hutaka ufaulu wa masomo manne, angalau D, na ndani ya hayo manne wanataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hawadai A. D inatosha kuomba. Lakini somo ambalo hukulifanyia mtihani huna hata hiyo D. Binti anayetaka kuvaa sare nyeupe Bugando, naye Kemia aliiacha kwa kuwa mwalimu alikuwa likizo muhula mzima, mlango amejifungia mwenyewe bila kujua kwamba ulikuwa mlango.

Mnaochagua masomo muhula huu, msirudishe karatasi kabla ya kuuliza kazi unayoitaka inataka somo gani. Hilo tu. Mkiyasahau yote tuliyosema leo, hilo mkae nalo.

Yuko atakayesema: sisi ni wavuvi, Kemia ya nini? Haya, tuwakumbushe mwaka 1999. Soko la Ulaya lilifungwa kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu Mwanza vikayumba, na bei ya sangara huku mwaloni mnaijua ilivyokuwa, aliyekuwa na nyavu mpya za mkopo hakulala. Soko halikufunguliwa kwa maombi ya wavuvi wala kwa hotuba. Lilifunguliwa kwa ukaguzi na vipimo, yaani kwa watu wanaojua kuchukua kipande cha samaki, kukipima na kuandika matokeo ambayo mnunuzi wa mbali anayaamini. Maabara ya taifa ya kupima ubora wa samaki iko Nyegezi. Bei ya samaki wako, mzee, inapitia mikononi mwa kijana aliyevaa koti jeupe ambaye hajawahi kuvuta kokoro maishani. Kwa nini asiwe wa kwetu, ambaye sangara anamfahamu tangu utotoni?

Nyegezi hapo hapo kuna chuo cha uvuvi, cha Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Wanafundisha uvuvi, ufugaji wa samaki na utunzaji wa samaki baada ya kuvuliwa. Siku hizi vizimba vya sato vinaongezeka ziwani, na mwaka 2024 Serikali iligawa boti na vizimba kwa mikopo Mwanza. Kizimba si mtego unaotega ukaenda kulala. Kinataka mtu anayejua chakula cha samaki, hewa ya maji na magonjwa. Vikundi vinatafuta vijana wa namna hiyo.

Upande wa ng'ombe ndiyo usiseme. Ngozi zinatupwa! Huku Ilemela ipo kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam inayofundisha teknolojia ya ngozi. Ukiriguru kuna chuo cha kilimo jirani na kituo cha utafiti, pale pale mbegu za pamba yetu zinapotoka. VETA iko Nyakato. Anayetaka meli ataenda Dar es Salaam, Chuo cha Bahari, DMI, na asidhani bahari ndiyo yenye meli peke yake: MV Mwanza iliyoshushwa majini Februari 2023 imejengwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400. Chombo cha namna hiyo kinataka nahodha, mafundi wa mitambo, mafundi umeme. Iliundwa Mwanza Kusini na mkandarasi wa Korea Kusini, Watanzania wakiwamo kazini.

Na ushirika wenyewe je? Mnajua ushirika wa Kanda ya Ziwa ulianzia kwenye mizani. Wakulima wa pamba walikuwa wanaibiwa uzito, ndipo miaka ya mwanzo ya 1950 wakaweka watu wao wa kusimama kando ya mizani ya mnunuzi na kusoma. Kusoma mizani tu! Marehemu Paul Bomani, aliyewaongoza, alikuwa amefanya kazi ya ukarani Mwadui, kisha akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria Federation, na Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha. Leo elimu ya ushirika haitaki Uingereza. Kizumbi, Shinyanga, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Ushirika cha Moshi. Chama chetu kinatafuta mtu wa vitabu vya hesabu mwaka wa pili huu, na wanaokuja kuomba ni wageni.

Hatusemi kila mtoto abaki ziwani. Anayeiweza udaktari aende, tutamsindikiza kwa ngoma. Wala kazi za hapa si za kudumu milele. Daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Sisi wa upande huu wa Sengerema tumeshukuru, mgonjwa hafii tena kwenye foleni ya kivuko. Lakini waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma kwenye foleni hiyo, foleni yao imekwenda wapi? Reli mpya kutoka Isaka nayo inajengwa tangu 2021. Ndiyo maana tunasema mtoto apate ujuzi unaoweza kuhama naye.

Liko neno zito ambalo hatuna budi kulisema hadharani. Mfuko wa Elimu wa chama una fedha za kusaidia vijana wawili kwa mwaka, si zaidi. Wapo wanachama wanaotaka fedha hiyo iwe ya wanaokwenda Chuo Kikuu peke yao, eti ndiyo heshima ya kijiji. Kamati haikubaliani nao. Sababu yetu ni hii. Karo ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022, na wa Chuo Kikuu anaweza kuomba Bodi ya Mikopo. Kweli tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kukopesha na stashahada, ila kwa fani chache za kipaumbele. Anayebaki bila mkono wa kumshika ni yule wa Daraja la Nne, mwenye D zake nne, ambaye angeweza kuingia chuo cha astashahada kesho asubuhi. Huyo ndiye anayekabidhiwa karabai na kuambiwa usiku huu utalala ziwani. Na akiwa msichana, mnajua anachoambiwa.

Wanaotupinga wanasema tutawapa fedha wavivu. Tunamjua kijana mmoja, jina lake halina haja, alijaza kombi aliyojaza rafiki yake, akapangiwa shule ya mbali, akarudi baada ya mwezi. Mvivu? Njooni mumwone mwaloni anavyofungua injini. Hajafundishwa na mtu. VETA wanao utaratibu wa kumpima mtu kama huyo, kumpa mafunzo ya kile kinachopungua, na kumpa cheti cha ujuzi alionao tayari. Nauli na ada za kupimwa si nyingi kwa chama, kwake ni nyingi. Mkutano Mkuu ndio utakaoamua. Tunawaomba mje, na mkipiga kura mumfikirie huyo pia.

Kwa kidato cha nne: fomu ya kuchagua kombi na vyuo msiijaze kwa dakika kumi. Mzazi asijaze badala ya mtoto, na mtoto asijaze bila mzazi kujua. Matokeo yakishatoka TAMISEMI hufungua muda wa kubadili machaguo kwa mtandao, na muda huo ni mfupi. Simu na mtandao viko ofisini kwa karani, hatutozi kitu. Njooni na namba yenu ya mtihani.

Mwisho ni tangazo. Kamati imeomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi kuona kazi kwa macho. Safari ya kwanza ni Nyegezi, chuo cha uvuvi, ya pili Ukiriguru. Gari lina nafasi kumi na mbili: wasichana sita, wavulana sita, na kamati haitapunguza hiyo sita ya wasichana hata kama wavulana watajaa mlangoni. Majina yapelekwe kwa karani kabla ya Ijumaa, na sahihi ya mzazi. Kila mmoja achukue chakula chake, na maswali yake ayaandike kwenye daftari, maana wenyeji wetu wana kazi zao na wametupa saa mbili tu.